Ukili usiokuwa wa mkeka

Ukikaa barazani na kazi mkononi, Unguja au Pemba, mpita njia atakuamkia kisha atauliza, "Cha nini hicho?" Ukishamjibu analeta la pili: "Utauza kiasi gani?" Sina ugomvi na maswali haya. Mikono ya wanawake wa visiwa hivi imelisha nyumba nyingi mno. Kofia za mkono zimesomesha watoto, mikeka imenunua mabati, na vikapu vinavyosukwa mashamba ya Pemba vinafika hadi maduka ya Mji Mkongwe kuuziwa wageni. Anayekuuliza bei anakupa heshima yako, ameona kwamba hapo pana kazi.

Leo nataka kuzungumzia kazi ya mkono ambayo haina jawabu kwa maswali yote mawili. Si ya kuuza, si ya kutandika, si ya kumpelekea bibi harusi. Inafanywa kwa kule kuifanya, kwa kuchezea, na ikimalizika au isimalizike ni sawasawa. Naamini kazi ya namna hii inamtibu mtu. Naamini pia kwamba inatibu kwa sababu haidaiwi kitu, na siku unapoanza kuidai ndipo dawa inapoanza kupungua nguvu.

Niseme kilichonifikisha hapa.

Miaka michache iliyopita nilijifungua mtoto maiti. Mimba ilikuwa imeshatimia, na nguo zake nilikuwa nimezishona mwenyewe. Wanawake waliopitiwa na jambo hili hawana haja ya kuelezwa. Maziwa yanakuja vilevile. Kifua kinajaa, kinauma, nguo inaroa, na chumbani hakuna anayelia. Watu walikuja kunipa pole wakasema walichokuwa nacho: "Mungu atakupa mwengine." Ni dua, na dua haikataliwi. Lakini mie nilichokuwa nikikisikia chini ya maneno yao ni kwamba miezi yote ile ilikwenda bure. Kutapika, kulala ubavu mmoja, kusema naye usiku akipiga teke, vyote vikahesabiwa kwa kilichotoka mwishoni, na kilichotoka hakikuwa na uhai. Hakuna aliyetamka hivyo. Nilikuwa nikijitamkia mwenyewe.

Riziki yangu ni kushona nguo. Magauni ya harusi, madera, sare za skuli, na mwisho wa Ramadhani nguo za sikukuu mpaka usiku wa manane. Kazi ya fundi ina vipimo, ina tarehe, ina mwenye nguo aliyekaa kitini anasubiri. Niliporudi kwenye cherehani mikono ikakataa. Nikishika mkasi nakiona kitambaa kimeshaharibika kabla sijakigusa. Mshono ule ule naushona, naufungua, naushona tena. Usingizi ukaniruka. Mama alipoona hali ile akanipandisha boti ya Pemba nende nikapumzike kwa Bibi, mdogo wake bibi yangu mzaa mama, anayekaa upande wa Gando, kule Wete.

Ulikuwa msimu wa karafuu. Anayeijua Pemba anajua msimu unavyokuwa: kila ua limetandikwa majamvi, karafuu zimeanikwa, harufu inaingia hadi kwenye mto wa kulalia, na jioni watu wanakaa pamoja kuchambua, karafuu huku, makonyo, yaani vikonyo vyake, huku. Kila mtu ana kazi. Mie sikupewa kazi ya karafuu. Bibi alikuwa amekaa na ukili wake, akanisukumia fungu la chane za mabaki, zile fupi na zile zilizochanika vibaya, ambazo huachiwa watoto wajifunzie.

"Suka, mwanangu."

"Upana gani, Bibi?"

"Wowote. Huo si wa mkeka."

Akaendelea na wake. Hakuniuliza hali, hakunipa nasaha.

Kwa asiyejua, mkeka hausukwi mzima. Kwanza unasukwa ukili, utepe mrefu unaopimwa kwa pima, halafu ukili huo unashonwa ukingo kwa ukingo mpaka upatikane upana wa mkeka. Ukindu wenyewe ni majani machanga ya mkindu. Yanaanikwa juani mpaka yakawa meupe, yanachanwa kuwa chane, na zinazotakiwa rangi zinachemshwa nayo sufuriani. Kabla ya kusuka unaziroweka au unazinyunyizia maji, maana zikikauka zinakatika. Kisha ni juu na chini, juu na chini, chane ya ukingoni inakunjwa inarudi ndani, na moja ikikaribia kwisha unachomeka nyengine juu yake. Hakuna fundo wala mahali panapokwambia sasa basi. Ukili unaweza kuendelea mpaka ukindu wote wa Pemba umalizike.

Ukili wa mkeka lazima uwe sawa. Ukiwa mpana hapa na mwembamba pale, mshono unavuta na mkeka haulali vizuri chini. Ndiyo maana msukaji wa kuuza haachi kuukagua ukingo. Wangu haukuwa na mshono wowote unaousubiri. Nilianza na chane chache, nikaongeza, nikapunguza, upande mmoja ukatoka na ncha ncha. Mjukuu wa Bibi, aliyekuwa ndiyo kwanza anabadilisha meno ya mbele, alikuwa kando yangu na fungu lake. Akauchungulia.

"Shangazi, wako una meno!"

"Basi huyu papa."

"Papa hawi mwekundu."

"Huyu kala tungule."

Akacheka mpaka chane zikamwanguka mapajani. Nami nikacheka, na kicheko kikanishtua, kwa sababu nilikuwa sijakisikia siku nyingi.

Kuanzia hapo ukawa mchezo, na sheria alizitunga yeye. Mmoja anavuta chane ya rangi huku kafumba macho, mwengine lazima aiingize kwenye ukili, ipendeze isipendeze. Tukapata ukili wenye kijani, zambarau na nyekundu zilizofuatana bila mpango wowote. Tukaukunja ukawa nyoka, tukaufunga mkononi ukawa bangili, tukaupinda ukawa samaki asiye na mkia. Magharibi ikikaribia mtoto anafumua. Alikuwa hafumui kwa kuwa tumekosea. Alizihitaji chane za kuchezea kesho. Chane iliyokwisha kusukwa inabaki na mikunjo midogo midogo kila ilipompanda mwenzake. Ukiiroweka inalainika lakini mikunjo haiondoki, na ukiisuka mara ya pili vidole vinaisikia. Nikawa nazipenda hizo kuliko chane mpya.

Sisemi kwamba ukindu uliniondolea msiba. Mtoto wangu bado namtaja katika dua zangu na nitaendelea kumtaja. Kilichorudi kwanza ni usingizi. Kisha, jioni moja nikiwa katikati ya ukili, nikatanabahi kwamba nimekuwa nikimfikiria kwa muda mrefu, alivyokuwa akicheza tumboni kila nikinywa chai ya mchaichai, na fikra ile haikukimbilia siku ya mwisho. Ilikaa pale pale kwenye chai. Miezi ile ilikuwa miezi yetu. Aliishi pale, na mie nilikuwa mama yake njia nzima.

Tangu wakati ule nimekuwa nikijiuliza kwa nini cherehani haikuweza kunifanyia hivi, nami nimeizoea tangu usichana wangu. Mwanga mkubwa niliupata katika utafiti mmoja wa mwaka 1973. Wataalamu watatu wa saikolojia, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett, walikwenda kwenye skuli ya chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, wakachagua watoto waliokuwa wakipenda kuchora kwa kalamu za rangi bila kulazimishwa na mtu. Kundi moja wakaliahidi kwamba wakichora watapewa cheti kizuri chenye nyota ya dhahabu na utepe. Kundi la pili walichora bila kuahidiwa kitu, wakamaliza ndipo wakashtukizwa na cheti kile kile. Kundi la tatu halikupewa chochote. Baada ya wiki moja au mbili kalamu ziliwekwa tena darasani, bila zawadi, anayetaka achore. Watoto walioahidiwa cheti walizikaribia kwa muda wa karibu nusu tu ya wenzao. Waliopewa zawadi ya ghafla hawakupungua. Kwa hiyo cheti chenyewe hakikuwa na ubaya. Kilichoharibu ni kuchora huku unakitazama.

Jambo hili nimeliona kwa macho yangu. Shoga yangu mmoja aliachwa na mumewe, akaanza kufinyanga udongo jioni baada ya kazi, vichetezo vidogo na ndege, anafinyanga na kuvunja. Uso ulianza kumrudia rangi. Siku moja akaweka picha ya chetezo kwenye simu, watu wakakisifia, mtu akaagiza kadhaa vya harusi. Sote tulifurahi, na kwa nini tusifurahi? Lakini vile vya harusi vilitakiwa vifanane. Baada ya kuvitoa hakugusa udongo muda mrefu sana, na alipourudia, aliurudia kwa sharti kwamba hakuna kitakachopigwa picha.

Upo utafiti mwengine, wa mwaka 2016, uliofanywa na Girija Kaimal na wenzake wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani. Ni mdogo, wa watu wazima 39, kwa hiyo usibebeshwe mzigo usiouweza. Walipewa udongo, kalamu za rangi na karatasi za kukata na kubandika, wakaachwa watengeneze wapendacho kwa dakika 45. Mate yao yalipimwa kabla na baada ili kuangalia kotisoli, homoni inayopanda mwili unapokuwa katika dhiki. Kwa takriban robo tatu yao ilishuka. Kinachonigusa zaidi ni kwamba aliyezoea kazi za sanaa na asiyewahi kuzishika hawakupishana. Mwili haukuuliza nani anajua kuchora.

Nikikumbuka tena zile jioni za Gando, naona kwamba Bibi alifanya jambo gumu kuliko linavyoonekana. Alikaa karibu na akanyamaza. Hakusema "hongera", hakusema "kaza kidogo hapo". Edward Adamson, mchoraji wa Uingereza, alianza mwaka 1946 kuwafungulia wagonjwa wa akili chumba cha kuchorea katika hospitali ya Netherne, na njia yake ilikuwa hiyo hiyo: anawapa rangi na nafasi, anakuwepo, hawafundishi wala hawatafsirii walichochora. Sifa nazo zina uzito wake. Ukiambiwa "mzuri huo" leo, kesho unaanza kusuka ule uliosifiwa.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya Wazungu wenye nafasi. Mie naona sisi wenyewe tunayo, ila tumeyazoea mpaka hatuyahesabu. Kila Julai, Makunduchi, siku ya Mwaka Kogwa, mwaka mpya wa jadi, hujengwa kibanda cha makuti kwa ajili ya kutiwa moto. Mtu anaingia, kinawashwa, anatoka mbio, na mwaka unafunguliwa. Kabla ya hapo wanaume wamechapana kwa magogo ya migomba na wanawake wameimba wakaimbiana, watu wakatoa walichokuwa nacho moyoni. Hina nayo: bibi harusi anakaa saa nyingi akichorwa maua mikononi na miguuni, anazungukwa na wenzake, anaimbiwa, na kila aliyepo anajua kwamba haichukui muda mrefu itakuwa imefutika. Hakuna anayeiita hasara. Na katika taarab ya asili, ya vikundi kama Nadi Ikhwan Safaa kilichoundwa mwaka 1905, mpiga udi au ganuni hupewa nafasi ya taksimu. Anatangatanga peke yake ndani ya makamu, ule mpangilio wa sauti za muziki, anaonja njia hii, anaiacha, anarudi. Kesho ataipiga vyengine, na ukumbi unatulia kumsikiliza akitafuta.

Na watoto ndio mabingwa. Wasichana wanapika mchanga kwenye vifuu, wanapakua, wanakula kwa mdomo mtupu, wanamwaga, wanapika tena. Wavulana wa pwani wanachonga ngalawa ndogo za kuchezea, wanazipandisha tanga la mfuko wa plastiki, maji yakitoka wanazikimbiza kwenye vidimbwi, tanga likilala upande wanaketi kulirekebisha, na kule kurekebisha ndiko kunakochukua alasiri nzima. Sijui tunawafundisha saa ngapi kwamba mchezo huo umekwisha.

Kuna pingamizi moja ninalolipa uzito wake. Mwanamke anayesuka ili jioni apate unga, umwambie asuke wa kufumua? Simwambii. Chane ni pesa, na muda ni pesa zaidi. Lakini wasukaji niliokaa nao Pemba wanalijua jambo hili kuliko mie. Mara nyingi nimewaona, baada ya kumaliza ukili wa watu, mtu anachukua mabaki ya rangi anachezea nakshi ambayo hakuna aliyeiagiza, anawaonyesha wenzake, wanacheka, anaiacha. Wao hawaiti tiba. Ninachoomba ni kwamba tusiwanyang'anye nafasi hiyo ndogo. Miradi inapokuja na mafunzo yake ya ubora na masoko, mabaki nayo yakageuzwa bidhaa, mwanamke yule atapumulia wapi?

Jambo jengine nalisema bila kuzunguka. Kuchezea ukindu si badala ya daktari. Ukiwa hulali wala huli kwa wiki nyingi, ukiwa unamtazama mwanao huoni kitu, ukipitiwa na fikra za kuondoka duniani, nenda hospitali, umwambie mtu wa karibu akupeleke. Unguja ipo hospitali ya maradhi ya akili ya Kidongo Chekundu, na aliyekwenda kutibiwa huko amefanya jambo la busara sawa na aliyekwenda kutibiwa sukari. Aibu tuliyoibandika jina hilo ni yetu sisi mitaani, na imewachelewesha watu wengi kupata nafuu. Swala, dua, dawa, jamaa na chane zinakaa pamoja bila kugombana.

Nimerudi kwenye cherehani zamani. Nashona vizuri, na tarehe za watu nazitimiza. Lakini kando ya meza yangu kuna kapu la vipande, vile vinavyobaki baada ya kukata, na siku za Ijumaa alasiri watoto wa majirani wanakuja tunavichezea. Tunashona kipande kwa kipande, bila kuchora, anayekuja anaongeza pale alipoachia mwenzake. Mama mmoja aliniuliza itakuwa shuka au pazia. Nilimwambia ukweli, kwamba sijui, na kwamba wiki iliyopita tuliifumua nusu kwa sababu mtoto mmoja alitaka kipande chake cha buluu akitie pengine. Akavuta kiti akakaa. Wiki ya pili alikuja na vitambaa vyake, na nikajua baadaye kwamba alikuwa ametoka kumzika dada yake.

Anayetaka kuanza na ukindu asinunue uliokwisha kutiwa rangi. Ni ghali na utauonea huruma. Muombe msukaji yeyote mabaki yake, atakupa. Ziroweke chane usiku, asubuhi zifunge kwenye kitambaa kibichi zisikauke. Simu iweke chumba chengine. Kama yupo mtoto, mkalishe karibu na umwachie yeye sheria. Anza na chane chache, usipime upana, na ukiona vidole vinaanza kukimbilia ukingo ili uwe sawa, ingiza ya rangi usiyoipenda. Ukitaka kufumua, anzia mwisho uliposimamia, taratibu, maana chane kavu inakatika kwenye mkunjo. Iliyokatika usiitupe. Ndiyo inayofaa kwa macho ya samaki.